Nilioshwa Utumbo, Nikakosa wa Kunirudisha Nyumbani

Wiki jana mliniacha nimelala ubavu wa kushoto juu ya kitanda chembamba, suruali magotini, macho nimeyafumba kama mtoto anayesubiri sindano. Bado niko hapo hapo. Ngoja niwaambie nilivyoinuka.

Aliyelikosa gazeti la wiki jana, habari yenyewe ni fupi. Mimi ni fundi mizani. Miaka thelathini na nane nimezunguka miji na masoko nikirekebisha mizani za watu, za nafaka, za nyama, za posta, hata zile za kupimia vichanga. Mke wangu alifariki nikiwa safarini. Barua ya kuniita ilichelewa njiani, kama nilivyowaeleza, nikafika udongo wa kaburi umeshakauka. Binti yetu wa pekee akaniambia nisimpigie simu tena. Hiyo ni miaka kumi na minne.

Miguu ilipochoka nikapanga chumba kimoja nyuma ya duka la kinyozi. Tumbo nalo likaanza vituko vyake. Gesi, choo kigumu, siku nne, siku tano sijaenda. Ndipo nikaona ubao ng'ambo ya barabara: SAFISHA UTUMBO, TOA SUMU, ANZA UPYA.

Nina miaka sabini na moja. Nikavuka barabara kwenda kuanza upya.

"Legeza," akasema yule mama.

"Nimelegeza."

"Hujalegeza, mzee wangu. Umebana kama mlango wa benki."

Watu walimwita Mama Mpira, kwa sababu ya ule mpira mrefu uliotundikwa ukutani kwake. Mama wa makamo, mikono mikubwa, sauti ya chini. Kabla sijapanda kitandani alinipa fomu. Jina, umri, dawa unazotumia. Mstari wa mwisho: mtu wa karibu wa kupigiwa simu.

Nilikaa na kalamu hadi akanikoholea. Mwishowe nikaandika namba ya binti yangu, ile ya zamani ambayo kichwa kilikataa kuisahau. Sikuiandika ili ipigwe. Niliona haya tu kuacha mstari mtupu.

Maji ya vuguvugu yakaanza kuingia. Mama Mpira akaniwekea mkono begani.

"Umelalaje jana? Umekula nini? Maji unakunywa?"

Nilipojibu, sauti yangu ilitoka na kutu. Nikahesabu kichwani. Siku mbili nzima nilikuwa sijatamka neno kwa binadamu ila "nipe mkate".

Nilitoka pale mwepesi. Nasema ukweli, sina sababu ya kumpaka mtu matope. Tumbo lililokuwa limekaza kama ngoma lililegea, na siku ile niliona hamu ya kula. Nikaenda moja kwa moja kwenye mizani yangu, ile kubwa ya kusimama, niliyoirithi kwenye ghala lililofungwa. Asubuhi ilisema sabini na nne. Sasa ikasema sabini na mbili na robo.

Nikakimbilia kwa kinyozi.

"Karibu kilo mbili za uchafu!"

Kinyozi alikuwa na kichwa cha mteja mkononi, hakugeuka. "Mzee Kilo, ukimwaga ndoo ya maji, ndoo inakuwa nyepesi. Utasema ilikuwa mgonjwa ikapona?"

"Usimkatishe tamaa," akadakia mteja. "Shangazi yangu alioshwa, kichwa kilichomsumbua mwaka mzima kikapona."

"Na shemeji yangu alijiosha mwenyewe nyumbani kwa kahawa," kinyozi akajibu. "Alibebwa na majirani, miguu mbele. Daktari alisema chumvi zote za mwilini zimeondoka na ile kahawa. Tena ya moto!"

"Huyo ni shemeji yako. Kwenu hamna kiasi."

"Tulia kichwa, nisikukate sikio."

Wakacheka. Nami nikacheka, nikiwa nimesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Hakuna aliyeniambia keti. Nikarudi chumbani kwangu.

Wiki iliyofuata nikavuka tena barabara. Na iliyofuata.

"Mara moja kwa mwezi inatosha, na hata hiyo ni nyingi," Mama Mpira alinionya. "Kula mboga za majani. Kunywa maji. Tembea. Utumbo si sufuria, hausuguliwi kila siku."

"Bado choo ni kigumu," nikadanganya.

Choo hakikuwa kigumu tena. Kwa mboga zake na maji yake kilikuwa kimeshanyooka. Mimi nilifuata ule mkono begani. Wapo wenye vipara wanaokwenda kwa kinyozi kila Jumamosi, na hakuna anayewauliza wanakata nini.

Siku moja nilipoinuka kitandani chumba kikazunguka. Misuli ya miguu ikanikaza, nikakaa kwenye ngazi yake nikitetemeka. Akaniletea maji yenye chumvi na sukari, akasimama mpaka nikamaliza glasi.

"Unaona? Ndiyo hayo ninayokwambia. Mwili una chumvi zake, tukizidisha tunaziosha nazo."

"Wiki ijayo saa ngapi?" nikauliza.

Akanitazama kwa muda mrefu. Akasema saa tatu.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sijamwambia mtu.

Mizani yangu iliendelea kushuka. Sabini. Sitini na nane. Nikafurahi, nikasema kazi inaonekana. Kisha Mama Mpira akasafiri kwao wiki mbili, kituo kikafungwa, sikuoshwa hata tone. Mizani ikasema sitini na sita.

Nilishuka, nikapanda tena. Sitini na sita.

Fundi mwenye akili zake anajua hapo. Mizani ni ile ile, sakafu ni ile ile, anayepungua ni mtu. Lakini nilichukua bisibisi. Nikafungua kifuniko, nikajiambia chemchemi imechoka, nikaikaza skrubu ya pembeni nusu duara. Nikapanda. Sabini na mbili. Nikafunga kifuniko, nikaifuta vumbi, nikalala usingizi mzuri.

Maisha yangu yote niliwafokea wenye maduka kwa skrubu ile ile. Niliwaita wezi mbele ya wateja wao. Na mimi niliikaza mchana kweupe, hakuna mteja, hakuna wa kumwibia ila mwenye miguu iliyosimama juu yake.

Mizani ikawa inanisifu kila asubuhi. Kinyozi hakuwa na skrubu.

"Mzee Kilo, hiki kitambaa nilikuwa nakufunga shingoni kwenye tundu la kwanza," akasema siku moja akinivisha. "Leo niko la tatu na bado kinapwaya. Mashavu umeyapeleka wapi?"

"Mizani inasema niko sawa."

"Basi hiyo mizani imezeeka kama mwenyewe."

"Mizani niliyoirekebisha mimi haikosei."

"Haya," akasema, akawasha mashine. Lakini kwenye kioo nilimwona ananitazama shingo, hatazami nywele.

Damu nayo ilikuwa imeanza. Kidogo, kama mstari wa kalamu nyekundu. Nilijiambia ndiyo sumu inatoka, ubao si ulisema? Siku ninayokwenda kuoshwa nilikuwa najisafisha vizuri kabla, mwenye kazi yake asione.

Mara ya tisa aliona. Mpira wake ulikuwa na kipande cha kioo katikati, maji yanayotoka yanapita hapo. Nilikuwa namsimulia habari za mji mmoja nilikokaa zamani, nikasikia bomba linafungwa. Kwii. Mkono ukaondoka begani.

"Hii imeanza lini?"

"Ipi?"

"Mzee."

"Leo."

"Mzee wangu, mimi ndiye ninayekuosha makalio. Usinifiche."

"Mwezi," nikasema.

Akakaa kwenye kigoda chake. Alivua glovu moja, ya pili akaisahau mkononi.

"Si ndiyo sumu yenyewe?" nikamuuliza. "Iache itoke."

"Mwaka wa tisa nafanya kazi hii," akasema. "Ule ubao aliuandika mchoraji, akaniuliza niweke maneno gani, nikamwambia weka wanayoweka wenzangu. Hiyo sumu sijawahi kuiona. Naona choo. Naona maji. Leo naona damu."

"Lakini watu wanapona kwako."

"Aliyefunga choo nikimwosha anapumua, hilo nimeliona kwa macho yangu. Anayekuja amechoka na maisha anatoka ametabasamu, nalo nimeliona. Zaidi ya hapo nabahatisha. Mimi si daktari. Mtu wa umri wako, choo kimebadilika ghafla, ningekutuma hospitali siku ya kwanza. Nimekuosha mara tisa."

"Mimi ndiye niliyetaka."

"Na mimi ndiye niliyefungua bomba. Inuka, baba. Usirudi hapa mpaka uniletee karatasi ya daktari."

Nilivaa suruali nimegeukia ukuta. Nimefukuzwa mijini, nimefukuzwa na mwanangu, sikuwahi kufukuzwa nikitafuta vifungo.

Daktari alikuwa binti mdogo mwenye miwani. Akaniamkia shikamoo, akanilaza, akaniminya tumbo. Upande wa kulia vidole vyake vikasimama, vikarudi pale pale.

"Unapungua uzito?"

Hapo nilikuwa na majibu mawili. Nikatoa lile la kabla ya bisibisi. Akanipandisha kwenye mizani yake. Sitini na nne.

"Na tumbo umekuwa ukilifanyia nini?"

Nikamweleza. Hakunifokea, na afadhali angenifokea.

"Mzee, utumbo unajisafisha wenyewe, ndiyo kazi yake. Kuosha kunaweza kumpa mtu nafuu ya siku moja. Kunaweza pia kuutoboa, au kumwondolea chumvi moyo ukayumba. Ila mimi kinachoniuma ni ile miezi. Ulikuwa unapata nafuu huku kitu kinakua."

"Kitu gani?"

"Sijui. Huenda kidonda, huenda uvimbe, na uvimbe una aina zake. Lazima tuingize kamera tuone. Siku moja kabla utakunywa dawa ya kuharisha, utumbo uwe mweupe kabisa."

Nikacheka, nikashindwa kujizuia. "Kumbe na ninyi mnaosha!"

Naye akacheka. "Tunafagia chumba ili tupige picha, mzee. Hatusemi kufagia ndiyo dawa."

Nikampenda. Kisha akasema neno lililonimaliza.

"Utachomwa dawa ya usingizi. Asiye na msindikizaji hatumfanyii. Mtu mzima, anasaini asubuhi, anasubiri, anakupeleka nyumbani. Ukikosa nafasi hii, inayofuata ni baada ya wiki saba, na mimi nisingependa usubiri wiki saba."

"Nitakuja na ndugu yangu," nikasema.

Ndugu yupi, nanyi wasomaji mmeshanijua.

Nilikwenda kwa kinyozi kumwomba. Nilifika mlangoni mara tatu. Mara ya kwanza alikuwa na wateja. Mara ya pili alikuwa peke yake, nayo ikawa ngumu zaidi. Mara ya tatu akaniuliza, "Mzee, unataka nini?" Nikasema kunyolewa. Nikanyolewa. Nywele zenyewe zilikuwa za siku nne. Nilichoweza ni kumwachia ufunguo wa chumba, nikamwambia kesho asubuhi nina safari fupi.

Nikavuka barabara, na karatasi ya daktari mkononi.

"Nimeileta," nikamwambia Mama Mpira. "Na nimekuandika wewe. Uhusiano nimeweka dada."

Aliisoma mpaka chini. "Mimi niingie hospitali ile? Wakiniuliza nafanya kazi gani?"

"Sema wewe ni dada yangu."

"Wewe huna mtu mwingine, mzee wangu? Mtu wa damu?"

"Sina."

Akanitazama vile vile alivyonitazama siku ya ngazi. "Nitaona," akasema. Hakusema ndiyo.

Asubuhi ya kipimo nilikuwa mwepesi kuliko siku zote alizoniosha. Dawa ile haina mzaha. Kwenye benchi tulikuwa wanne, na watatu walikuwa na watu wao. Mzee mmoja mkewe alikuwa amempakatia viatu, kimoja ndani ya kingine, kana kwamba vingepotea. Nikavitazama viatu vile mpaka yule mama akavifunika kwa mtandio.

"Dada yako yuko wapi?" nesi akaniuliza.

"Yuko njiani."

Saa tatu na nusu akarudi. "Baba, bado?"

"Foleni tu za barabarani."

"Saa nne kamili nafasi yako nampa huyu mama. Si roho mbaya, ni utaratibu."

Nikatazama mlango. Uliingia mtu na ndoo, ukaingia mtu na magongo. Saa nne kasoro dakika tano ukafunguka tena, nikainuka nikidhani ni Mama Mpira, kwa sababu mwanamke yule alikuwa mnene na ana mvi kama yeye.

Alikuwa binti yangu.

Nilimwacha na nywele nyeusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," nikasema, au nilidhani nimesema.

"Kuna mama alinipigia jana. Anasema uliandika namba yangu kwenye fomu yake. Nikamwambia amekosea, akasema hakosei, akanisomea jina lako." Alikuwa anahema, ametoka mbio. "Nikamwambia asaini yeye kama ni dada yako. Akasema yeye ni mtu wa mpira tu, mwenye haki ni mimi."

Nilitaka kumshika mkono. Mikono yake ilikuwa imejaa. Mmoja mkoba, mwingine shati langu la bluu, limekunjwa.

"Nimepitia kwako kukuchukulia nguo safi, yule mama alinielekeza, akasema watu huwa wanachafuka. Kinyozi akanipa ufunguo."

Hapo nikaketi tena kwenye benchi.

Shati lile silitundiki. Chumba kina vumbi, hivyo nalilaza ndani ya sanduku la mawe ya mizani, juu ya mawe, nafunika. Chini ya mawe, chini kabisa, kuna karatasi moja iliyokunjwa mara nne.

Wasomaji wangu, niliwaambia barua ilichelewa njiani. Niliandika hivyo kwenye gazeti hili hili kwa mkono wangu, na leo mwanzoni nimerudia. Haikuchelewa. Ilinifikia ghalani nilikokuwa kazini, siku ya Jumanne, mke wangu akiwa bado anasema. "Baba, mama anakuulizia, njoo hata leo." Nilikuwa nimebakiwa na mizani tatu. Nikajiambia amewahi kuumwa akapona. Lakini hata hiyo ya mizani tatu ni skrubu nimeikaza. Niliogopa kuingia chumba chenye mtu anayekufa akaniuliza nilikuwa wapi miaka yote. Nikaikunja barua, nikaiweka chini ya jiwe la kilo kumi, nikamaliza kazi taratibu. Nilipofika nyumbani siku tano baadaye nikasema ndiyo kwanza nimeipata.

"Ndugu wa mgonjwa?" nesi akaita. "Saini hapa, na hapa."

Binti yangu akachukua kalamu. Shati akaliweka mapajani mwangu. Kwenye ukosi kulikuwa na doa la kutu, upana wa kidole. Mawe yangu yana kutu, kila kinachoyagusa hushika. Huenda doa lilikuwapo siku zote. Huenda ni la mtu aliyenyanyua mawe asubuhi ile, moja moja, kisha akalishika shati.

Nikamtazama vidole. Alikuwa amevikunja juu ya kalamu.

"Nitasaini," akasema. "Sikuja hapa kukuacha ufe. Lakini miaka kumi na minne nina swali moja, baba, na sitaki kukuuliza ukiwa na usingizi wa dawa, ukapata cha kusingizia. Barua yangu uliipata lini?"

Yule mama wa viatu akageuza uso pembeni kwa heshima. Mumewe hakugeuka.

"Dada," nesi akasema, anatazama saa ya ukutani. "Dakika mbili."

Kalamu ilikuwa juu ya karatasi, haijagusa. Jibu la siku zote likaja lenyewe mdomoni, laini, limezoea njia. Nilikuwa na kilo sitini na nne, tumbo jeupe, halina kitu.

"Mwanangu," nikaanza.

"Lini, baba?"